Ua la Kwanza Hukatwa

Jumatano, 5 Februari

Leo nimepiga pasi kitu ambacho si nguo.

Ilikuwa suruali ya kaki ya yule bwana wa kitalu cha miche. Kukagua mifuko ni kazi ya Redio, mwenzangu wa meza ya pili, lakini Redio akianza kusimulia ya majirani zake hata mfuko wake mwenyewe haukagui. Basi nikaitandaza, nikashusha pasi ya mvuke — pshhh! Chumba kizima kikajaa harufu. Si ya sabuni, si ya kuungua. Kali na tamu kwa pamoja, ya kumwamsha mtu. Kila mmoja akaacha alichokuwa akifanya. Bosi akatoka ofisini, pua mbele, mwili nyuma.

Mfukoni kulikuwa na kijiti chenye majani membamba kama sindano. Rozmari. Kimekuwa bapa kabisa, na suruali imebaki na doa la kijani pajani. Bwana Miche akija kuichukua nitampa vidonge vyake!

Jumamosi, 8 Februari

Amekuja, na vidonge nimempa. Nimemwambia hapa ni kwa dobi, si shambani, na pasi zetu hazitengenezi chai ya majani. Akasimama pale kaunta, kofia mkononi, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema doa lenyewe amelipenda, nisijisumbue nalo. Amelipenda doa! Tangu nianze kazi hii sijamsikia mteja akisifu doa.

Akaacha suruali nyingine. Nikaukagua mfuko mbele ya macho yake. Nanaa! Shada zima, mbichi. Eti amesahau. Redio alicheka hadi akamwaga wanga.

Jumatano, 19 Februari

Leo ni mrehani. Zamani nilikuwa nikikagua mifuko yake kwa hasira, sasa nakagua kwa hamu — na hilo naliandika humu tu, halitoki.

Duka lilikuwa limepoa. Akaniambia nilishike shina la mrehani, nilizungushe kati ya vidole, taratibu. Nikazungusha. Lina pembe! Pembe nne, kama mguu wa meza. Akaniambia nijaribu na nanaa ya juzi, niliyoitia kwenye glasi ya maji (sijui alijuaje kuwa sikuitupa). Pembe nne vilevile. Kumbe hawa wote ni ukoo mmoja: nanaa, mrehani, rozmari, zaatari, lavenda. Majani hutoka mawili mawili, yanatazamana. Ua lao lina midomo miwili, wa juu na wa chini. Anasema wengi wao kwao ni kule kando ya Bahari ya Mediterania, kwenye mawe na jua kali, na ndiyo maana wananukia hivyo: mmea wa nchi kavu hauna mchezo, hujilinda kwa harufu.

Maneno mengi namna hiyo sijawahi kuyasikia kwake. Kawaida yeye ni "habari ya kazi" na "asante". Kimya kingi kina mshindo.

Nimeshika mrehani tangu utotoni, wala sikuwahi kujua kuwa shina lake lina pembe. Nimefurahi kama mtoto, sijui kwa nini.

Jumapili, 23 Februari

Nimezunguka uani nikizungusha kila shina ninaloliona. La waridi — mviringo. La bamia — mviringo. Binti yangu akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamweleza habari ya ukoo, pembe, midomo miwili. Akasikiliza, akamtazama bibi yake. Mama yangu alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

Akasema: mwanamume anakuletea majani mfukoni kila wiki, na wewe unahesabu pembe!

Binti yangu akacheka hadi akakaa chini. Mdogo wangu, huyu tunayemwita Kasi kwa sababu hajawahi kuwahi mahali popote, akatokea jikoni kuuliza kinachochekesha. Wakamwambia. Sasa nyumba nzima wana lao.

Jumamosi, 15 Machi



Amekuja saa za kufunga. Hakuleta suruali. Ameleta chungu kidogo cha udongo, ndani yake mche wa lavenda, majani ya kijivujivu, mrefu kama kiganja changu. Akauweka kaunta. Akasema zile suruali hazikuwa chafu. Akasema hakusahau chochote mfukoni, hata siku moja. Akasema mkewe alifariki zamani na mimi mume wangu alifariki zamani, na yeye anapenda namna ninavyokasirika, na kama nitakubali, angependa tuoane.

Anapenda namna ninavyokasirika!

Redio alikuwa nyuma ya pazia la mashuka. Nilisikia pasi yake imenyamaza.

Nami, badala ya kusema ndiyo au hapana kama watu wengine, nikaunyooshea kidole ule mche. Nikasema: huu ukitoa ua, nitakujibu. Sijui yalitoka wapi. Nilitaka muda tu. Akautazama mche wake. Mche mchanga vile! Lakini akasema sawa. Akanipa sharti moja: nisiumwagilie mpaka nitie kidole kwenye udongo nikute pakavu. Lavenda haipendi kulowa miguu.

Akavaa kofia, akaondoka. Nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

Jumapili, 16 Machi

Redio ametangaza. Hadi muuza mkaa kanipongeza.

Nyumbani nimewaambia kwa kinywa changu kabla hayajawafikia yamepindwa. Kasi akataka kujua lavenda hutoa ua baada ya muda gani. Nikasema sijui. Binti yangu akasema inategemea, huenda miezi, huenda mwaka. Mama akasema kwa umri wake yeye hanunui hata ndizi mbichi, sembuse kungoja ua.

Nimeuweka mche kibarazani, penye jua. Nikamwuliza Mama, tukiwa wawili: nikiolewa, wewe utabaki na nani? Akaniambia yeye si mche, hana haja ya kuwekwa kibarazani na kuchunguliwa udongo.

Ukweli? Simwogopi Bwana Miche. Naogopa kumzoea. Marehemu alikuwa na kikohozi chake cha asubuhi, kabla ya kuvaa viatu. Nilikizoea hadi nikawa sikisikii. Halafu ikaja asubuhi nikakisikia, kwa sababu hakikuwapo. Naogopa kuanza tena kuzoea kikohozi cha mtu.

Basi. Nimeandika.

Alhamisi, 3 Aprili

Mche haujambo? Hapana, una jambo. Majani ya chini yamekuwa manjano, kichwa kimeinama. Nimetia kidole: udongo umelowa chepechepe. Na mimi sijaumwagilia tangu Jumamosi! Mvua haijanyesha. Chungu hakivuji maji chenyewe kwenda ndani!

Kuna mkono wa mtu hapa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimewakamata. Wote!

Nimekaa nyuma ya mlango tangu kulipopambazuka, kanga kichwani, nimetulia tuli. Wa kwanza — Mama. Shikamoo yake! Na bilauri yake. Akamwaga taratibu, akaunong'onezea mche kitu, akarudi ndani. Nikajizuia. Haukupita muda, binti yangu. Yeye kwa vile anafanya kazi duka la dawa, amekuja na bomba la sindano, anapima kabisa, kama anampa mgonjwa dozi. Nikajizuia tena. Kisha Kasi, aliyewahi mahali kwa mara ya kwanza maishani mwake, na birika zima.

Hapo nikatoka.

Kelele nilizopiga, nadhani Bwana Miche angezipenda. Nikawakalisha sebuleni wote watatu. Kila mmoja akamgeukia mwenzake kwa mshangao wa kweli: "Na wewe pia?" Kila mmoja alidhani ni peke yake. Kasi alitaka kuliharakisha ua. Binti yangu alisikia nimesema kidole, akaona kidole si kipimo. Mama akasema yeye alikuwa akitia tone tu, funda moja la kumsaidia mkwe. Nikamwambia: Mama, haba na haba hujaza kibaba! Akasema hata hivyo si yeye tu, kwani Redio alipokuja Jumatatu kutusalimu aliumwagia mabaki ya chai yake. Yenye sukari.

Manahodha wengi, chombo kimekwenda mrama. Lavenda yangu wameizamisha kwa mapenzi.

Kisha nikaanza kulia. Nililia kwa kwikwi, nikajishangaa: wewe mama, unalia nini? Ulitaka kisingizio, si hiki hapa? Mche ukifa, hakuna ua. Hakuna ua, hakuna jibu. Ungepaswa kushukuru. Nikazidi kulia.

Nikakipakata chungu, nikatoka mbio hadi kitaluni. Aproni ya jikoni bado kiunoni.

Hakunilaumu. Hata hakuuliza nani. Akaupindua mche kiganjani, udongo ukatoka kama keki mbichi. Mizizi ya kahawia, inanuka. Akaikata iliyooza moja baada ya nyingine, akipangusa mkasi kwa spiriti kila mara. Mikono yake mikubwa, lakini inashika kitu kana kwamba kitu hicho kina usingizi. Akaupanda upya kwenye mchanga na kokoto. Akaniambia lavenda nyingi hufa hivi, mikononi mwa watu wema. Nikamwuliza: na huu ukifa? Akafikiri. Akasema ukifa basi mche ndio utakuwa umejibu, si mimi, na yeye ataendelea kuleta suruali.

Nikacheka na machozi usoni. Mbele ya wafanyakazi wake, na aproni.

Jumanne, 22 Aprili

Haujafa. Haujapona. Kasi amebandika karatasi juu ya chungu: ATAKAYEMWAGILIA ATAPIGA PASI NGUO ZA NYUMBA NZIMA. Mama anapita mbali kama mtu mwenye deni dukani.

Bwana Miche ameleta suruali. Mfukoni: zaatari.

Jumapili, 11 Mei

Mvua! Tulikuwa mezani, jua linawaka, mara anga likageuka. Tone la kwanza likagonga bati. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba niko uani, nimekikumbatia chungu kifuani, nimeinama juu yake, mgongo wote umelowa. Nyuma yangu Kasi na mwavuli, binti yangu na sinia, wamegongana mlangoni.

Nilipoingia, Mama alikuwa dirishani. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akakomea miguuni. Nilikuwa na kiatu kimoja. Kingine kilibaki chini ya meza.

Akasema: mtu akitoka na kiatu kimoja, mwanangu, jibu analo tayari. Sasa unalingoja la nini?

Nilikwenda kubadili nguo. Nimekaa kitandani nikitabasamu kama mjinga, nywele zinadondosha maji.

Ijumaa, 30 Mei

Majani mapya! Mawili, kileleni, yanatazamana. Nimemwonyesha Mama kwa mbali.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika kwa siri kana kwamba kuna wa kunisoma.

Katikati ya majani pametoka kikonyo, chembamba, kirefu kuliko vyote, na nchani mwake kuna kitu. Nimekizungusha: pembe nne. Kile kitu ni kama suke dogo la ngano, kijani, lakini ukilitazama dhidi ya jua, kuna rangi ndani. Zambarau. Tumba la ua!

Sijamwambia mtu. Nimekwenda kazini, nimepiga pasi mashuka yote ya nyumba ya wageni huku naimba. Redio akaniuliza mara mbili naumwa nini. Nikamwambia joto.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini leo nimejitahidi kukibana.

Jumamosi, 28 Juni

Ningempiga kwa pasi. Naapa!

Binti yangu aliliona tumba jana, na kuanzia hapo hakukuwa na siri. Kasi mwenyewe akaenda kumwita Bwana Miche, na kwa mara ya pili maishani akawahi. Akaja na kofia yake, akapiga magoti mbele ya chungu. Uso wake ulivyong'aa! Nimewaona watu wakifurahi, lakini huyu hata masikio yalifurahi. Sisi wote tumesimama nyuma yake, hakuna anayepumua. Mama ameshika shavu.

Halafu uso ukabadilika. Taratibu, kama taa inayopunguzwa.

Akasema mche ulioponea chupuchupu, ua lake la kwanza hukatwa. Ndiyo kazi ilivyo. Mche mgonjwa ukiachwa uchanue, huzimwaga nguvu zake zote kwenye ua hilo, mizizi ikabaki mitupu, na mwisho hufa. Ukilikata mapema, nguvu hurudi chini. Akasema miche yake yote huifanyia hivyo, na huu hawezi kuufanyia vingine kwa sababu tu yeye ana haja yake. Atakuja kesho na mkasi safi. Nami nisiwe na wasiwasi, atangoja ua la pili.

Kasi akauliza la pili litatoka lini. Akasema huenda mwakani.

Mwakani!

Nyumba ikalipuka. Kasi anasema tumfungie geti. Redio (alifikaje?) anasema tulikate halafu tulihesabu vivyo hivyo, ua ni ua. Binti yangu anamwuliza kama kuna dawa ya kutia nguvu. Mama akasema ameishi miaka mingi lakini hajamwona mposaji akijikatia posa yake kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Miche akasimama katikati, kofia inazunguka vidoleni, anasema tu: ni mche, Mama. Una haki yake.

Mimi sikusema kitu. Mimi, ambaye ananipenda kwa kukasirika! Nilikuwa na hasira hadi kooni, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine. Mwanamume angeweza kunyamaza tu. Siku chache za kunyamaza, ua linafunguka, jibu anapata. Mche ukifa baadaye nani angejua sababu? Sisi tungejuaje? Yeye amepiga magoti, amelitazama jambo analolitaka kuliko yote, akasema hapana, mche kwanza.

Mtu wa namna hiyo, hata akikohoa kila asubuhi, mimi nitazoea.

Haya. Nimeandika na hilo.

Jumapili, 29 Juni

Naandika haraka, mlango nimeufunga.

Asubuhi ua limefunguka. Moja tu, pembeni ya tumba, dogo kuliko kifungo cha shati. Zambarau. Midomo miwili, wa juu na wa chini, kama alivyosema! Limefunguka kama mtu anayetaka kusema neno.

Bwana Miche amefika. Amevaa suruali ya kaki, ile yenye doa pajani. Amemwamkia Mama, ameweka mezani mkasi umeviringishwa kwenye kitambaa cheupe, akaenda bombani kunawa mikono. Alipokuwa ananawa, mkasi ukatoweka.

Nimeukalia.

Nawasikia sebuleni. Anauliza kwa adabu kama kuna mtu amesogeza mkasi wake. Kasi anainua mito ya viti. Binti yangu anafungua kabati la vyombo na kulifunga. Mama anaapa hajaugusa, na safari hii ni kweli, maskini. Anaita: "Mwanangu! Hujauona mkasi wa mgeni?" Nimenyamaza. Umri wangu huu! Nimekalia mkasi wa watu kama mtoto aliyeficha kijiko cha asali.

Ua lazima likatwe. Hilo nalijua, na nataka likatwe, nataka mche uishi, uwe kichaka, unukie hadi barabarani. Lakini lisikatwe kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia likitoka nitajibu. Limetoka. Mimi ni mtu wa kutimiza ahadi. Nimetulia hapa kidogo tu, nipange maneno, nimpe jibu la maana, si kama siku ile ya kunyoosha kidole —

Anasema nini huyo? Anasema si neno, wasihangaike. Mkasi usipoonekana, kucha zinatosha.

Kucha! Kucha sikuzifikiria!

Nasikia anavuta kiti. Anaelekea kibarazani. Mama ananiita mara ya pili, na sauti yake ina kicheko, nadhani amekwisha kunijua. Maneno sijayapanga. Basi hayapangiki. Natoka. Viatu viko wapi? Nakiona kimoja tu.

Kinatosha.